Kidole na Mguso: Namna Mfumo wa Uendeshaji Unavyopasha Habari za Vidole Vingi

Mtu akiweka vidole viwili juu ya picha katika simu ya kupangusa, kisha akavitanua, picha hukua, akivikurubisha, hupungua. Jambo hili limeenea sana tangu simu ya iPhone ilipotolewa mwaka 2007, hata watoto hulifanya bila ya kufundishwa. Aghalabu husemwa kwamba simu imeviona vidole viwili. Kauli hiyo yafaa kwa mazungumzo, lakini haielezi mambo yalivyo. Kioo hakitambui kidole cha shahada wala gumba, wala hakijui kama vidole hivyo ni vya mtu mmoja au vya watu wawili. Kinachopokewa ni mguso tu. Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi mfumo wa uendeshaji, yaani programu kuu inayotawala chombo, unavyoipokea miguso mingi kwa pamoja na kuzipasha programu nyingine habari zake; na kuonyesha kwamba kazi hiyo yote inasimama juu ya jambo moja, nalo ni kila mguso kupewa utambulisho usiobadilika.

Yapasa kuanza na kioo chenyewe. Chini yake zimetandazwa nyuzi nyembamba zipitishazo umeme, zisizoonekana kwa macho, zikapitana kama mtande na mshindio wa nguo. Kila zinapopitana hulimbikwa umeme kidogo, na kidole kikikaribia, kiasi hicho hubadilika. Kidhibiti cha kioo hupima makutano yote mara 60 au zaidi katika kila sekunde, kikatafuta mahali penye mabadiliko, na kukadiria kitovu cha kila mahali hapo. Vioo vingi vya zamani, vilivyotegemea kubonyezwa, havikuweza kufanya hivyo. Vidole viwili vilisomwa kama kimoja kilichokaa baina yao.

Hapo ndipo tatizo linapozuka. Kila upimaji ni kama picha iliyopigwa peke yake, isiyokumbuka iliyotangulia. Tuseme picha ya kwanza ina mguso mmoja ulio hatua 200 kutoka ukingo wa kushoto, na mwingine ulio hatua 600. Picha ya pili ina miguso miwili pia, mmoja katika 590 na mwingine katika 210. Je, vidole vimesogea kidogo tu, au vimebadilishana mahali? Akili yasema kwamba vimesogea kidogo, kwa kuwa sehemu ya sitini ya sekunde haitoshi kwa safari ndefu; basi kila mguso huunganishwa na ule wa awali ulio karibu nao zaidi. Lakini vidole vikipishana kwa kasi na kwa karibu, makisio hayo yaweza kukosea, na mstari uliokuwa ukichorwa kwa kidole kimoja ukarukia kingine.

Mfumo wa Linux umewahi kutumia njia mbili za kupasha habari hizi, na zote mbili ziliandikwa na Henrik Rydberg. Katika njia ya kwanza, iliyoingizwa mwaka 2009, kila taarifa iliorodhesha miguso yote iliyopo bila ya kuitaja kwa utambulisho wowote. Aliyeipokea alipaswa kuilinganisha mwenyewe na taarifa iliyopita. Njia ya pili, ya mwaka 2010, ni ya vishubaka. Mguso ukitua huwekwa katika kishubaka chenye namba, tuseme 0, ukapewa kitambulisho, tuseme 71. Wa pili huwekwa katika kishubaka 1, ukapewa 72. Tangu hapo hayatajwi tena yote, bali yaliyobadilika tu. Kidole cha kwanza kikisogea, husemwa: kishubaka 0, mahali papya ni hapa. Kikiinuliwa, kitambulisho cha kishubaka hicho huandikwa -1, maana yake hakina kitu. Kila taarifa hufungwa kwa alama maalumu, ili programu isitende kwa habari nusu.

Yafaa ieleweke kwamba namba ya kishubaka siyo utambulisho wa mguso. Katika nyumba ya wageni, chumba hubaki na namba yake ingawa wageni hupishana. Vivyo hivyo, kidole kingine kikitua baadaye kitawekwa katika kishubaka 0 kilichoachwa wazi, lakini kitapewa kitambulisho kipya, 73. Njia hii imeishinda ile ya kwanza, ambayo sasa imeachwa.

Hata hivyo, uchache wa maneno una hatari yake. Maadamu yanatajwa mabadiliko tu, ujumbe mmoja ukipotea, kidole kilichokwisha inuliwa kitadhaniwa kuwa bado kipo. Kwa hiyo, programu ikichelewa kusoma na foleni ikafurika, Linux hutoa alama ya kwamba baadhi ya habari zimeachwa. Naye msomaji hana budi kuuliza upya hali ya vishubaka vyote.

Android, ambayo imejengwa juu ya Linux, huzipelekea programu orodha ya miguso, na kila mguso una namba mbili: nafasi yake katika orodha, na kitambulisho chake. Hapa hukosea wengi waandikao programu. Kidole cha kwanza kikiinuliwa, cha pili husogea hadi nafasi ya 0, lakini kitambulisho chake hakibadiliki. Aliyefuata nafasi ataona picha ikiruka ghafla. Aliyefuata kitambulisho ataiona imetulia. Windows nayo huupa kila mguso namba yake, na katika iPhone mguso huwakilishwa na kitu kimoja tangu kutua hadi kuinuka. Njia ni mbalimbali, ahadi ni moja.

Mwisho wa mguso nao wataka uangalifu, kwani mguso huweza kuinuka au kubatilishwa. Hubatilishwa, kwa mfano, mfumo unapotambua kwamba kilichogusa ni kiganja kilichoegemea kioo, au unapoutwaa mguso kwa kazi yake wenyewe. Tofauti hii si ndogo. Kitufe cha kutuma fedha kwa kawaida hakitendi kidole kinapotua, bali kinapoinuliwa juu yake, ili mtu aliyegusa kwa makosa aweze kukiburura kidole chake nje ya kitufe. Programu inayouchukulia mguso uliobatilishwa kana kwamba umeinuliwa itatuma fedha ambazo mwenyewe hakukusudia kuzituma.

Kwa hiyo, katika kuzungumzia mambo haya kwa Kiswahili, ni vema maneno yatengwe. Kupangusa ni tendo la mkono. Kidole ni cha mtu. Mguso ndio uliopokewa na chombo. Ahadi ya mfumo ni kwa mguso peke yake, nayo hudumu tangu kutua hadi kuinuka. Kidole kilekile kikiinuliwa na kurudishwa papo hapo, kwa mwenyewe ni kilekile, lakini kwa chombo ni mgeni mpya.