Mbona njia ya ndege Nairobi–New York huonekana imepinda? Jichoree mwenyewe uone

Oktoba 28, 2018, Kenya Airways ilianza safari za moja kwa moja kati ya Nairobi na New York. Ukiichora njia fupi zaidi kati ya miji hiyo kwenye ramani ya kawaida, inapinda kuelekea kaskazini kama upinde. Wengi huuliza: kwa nini rubani asinyooshe tu?

Jibu fupi: amenyoosha. Kilichopinda ni dunia, na ramani imeilazimisha kulala bapa.

Unaweza kulithibitisha hili kwa programu za bure kama GNU Octave, au Python ikiwa na NumPy na Matplotlib. Lakini kaa macho. Programu hizi hazijui unachotaka, na zitakuchorea hata jibu la makosa, tena likapendeza.

Anza na tufe

Ichukulie dunia kama mpira wenye nusukipenyo (R) cha kilomita 6,371. Latitudo na longitudo za kila mahali hugeuzwa kuwa namba tatu zinazopimwa kutoka kitovu cha dunia:

x = R × cos(latitudo) × cos(longitudo)
y = R × cos(latitudo) × sin(longitudo)
z = R × sin(latitudo)

Badilisha kwanza digrii ziwe radiani. Ukisahau, Nairobi itatokea mahali pa ajabu na programu haitalalamika.

Sasa unganisha miji miwili. Kuna njia tatu, na mbili zina shida.

1. Kuunganisha x, y, z moja kwa moja

Mstari unanyooka kweli, ila unatoboa dunia. Katikati ya safari, "ndege" yako iko zaidi ya kilomita 2,500 chini ya ardhi.

2. Kugawa latitudo na longitudo kwa hatua sawa

Hapa ndipo wengi hunaswa. Mstari unakaa juu ya tufe vizuri, unapita Nigeria, unaiacha Afrika pale Mauritania na kufika New York. Picha haina kasoro. Lakini ukiupima, una urefu wa kilomita 12,260 hivi. Huo ndio mstari ulionyooka kwenye ramani bapa.

3. Kuzirudisha nukta juu

Chukua zile nukta za njia ya kwanza, zilizozama ardhini. Kila moja igawanye kwa umbali wake kutoka kitovu, kisha zidisha kwa 6,371. Zote zinapanda hadi usoni mwa dunia. Mstari sasa unapita kusini mwa Algeria, Morocco, halafu unaingia Atlantiki. Urefu wake: kilomita 11,840 hivi.

Hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote juu ya tufe, na huitwa duara kuu. Tofauti na njia ya pili ni zaidi ya kilomita 400. Kwa ndege inayokwenda kilomita 900 kwa saa, hiyo ni karibu nusu saa ya mafuta.

Ndege halisi huikwepa kidogo njia hiyo kwa sababu ya upepo, hali ya hewa na ruhusa za anga, lakini mipango huanzia hapo.

Mstari ukipotea

Mambo mawili husumbua wanaoanza. La kwanza ni nukta chache. Kompyuta huunganisha nukta kwa vipande vilivyonyooka, hivyo ukiweka tano tu, vipande vyenyewe vitazama ndani ya tufe. Weka 200.

La pili, mstari na tufe vikiwa kimo kimoja, programu hushindwa kujua kipi kiko mbele, na mstari hukatikakatika au kufichwa. Uinue kidogo kwa kuzidisha nukta zake kwa 1.01, wakati wa kuchora tu. Usipimie urefu kwenye nukta hizo zilizoinuliwa.

Mwisho, usiamini macho peke yake. Angalia kama kila nukta iko kilomita 6,371 kutoka kitovu: hapo njia ya kwanza inaumbuka. Kisha jumlisha urefu wa vipande vyote: hapo ya pili nayo inaumbuka, maana kwa picha tu ingepita bila kushtukiwa.