Mzazi, simu ikiomba kusasishwa usiseme "Baadaye"

Simu moja ya nyumbani siku hizi inatumiwa na familia nzima. Baba anatumia pesa kwa simu hiyo, mama anasoma kikundi cha wazazi wa shule, na jioni mtoto anatazama katuni. Katikati ya hayo hutokea ujumbe kwamba simu inahitaji kusasishwa. Wengi tunabonyeza "Baadaye" kwa kuhofia bando.

Hatari ya hiyo "Baadaye" ilionekana zamani, kwenye kompyuta.

Mei 4, 2000, barua pepe yenye kichwa "ILOVEYOU", yaani nakupenda, ilianza kusambaa kutoka Ufilipino. Ilibeba faili lililofanana na barua ya kawaida. Aliyelifungua aliruhusu programu iliyoharibu picha na mafaili yake, kisha ikajituma yenyewe kwa watu wote waliokuwa kwenye orodha yake ya anwani. Programu ya namna hiyo huitwa mnyoo. Hata Bunge la Uingereza lilizima barua pepe zake kwa muda. Watu walinaswa kwa sababu barua ilitoka kwa mtu wanayemfahamu.

Onyo likatolewa kila mahali: usifungue faili usilolitarajia. Mwaka uliofuata onyo hilo halikutosha. Internet Explorer, kivinjari kilichotumiwa na watu wengi zaidi wakati huo, kilikuwa na kasoro. Programu ya barua pepe ya Outlook Express ilikitegemea kivinjari hicho kuonyesha barua zenye picha na rangi. Barua iliyotengenezwa kwa hila ilikidanganya kwamba faili lililoambatanishwa ni sauti tu, nacho kikalifungua chenyewe. Kuitazama barua tu kulitosha kuambukizwa.

Microsoft ilitoa dawa ya kasoro hiyo Machi 2001, bila malipo. Septemba 18 mwaka huohuo, karibu miezi sita baadaye, mnyoo aitwaye Nimda alienea duniani akipitia tundu hilohilo pamoja na njia nyingine. Oktoba akafuata Klez, ambaye pia alighushi jina la mtumaji, hata mtu asiye na kosa akaonekana ndiye anayesambaza uchafu. Dawa ilikuwepo, lakini kompyuta nyingi hazikuwa zimeipata.

Vivinjari vya leo ni imara zaidi, ila bado vimeandikwa na binadamu na kasoro mpya hugunduliwa kila mara. Tena, dawa ikishatoka, wahalifu huichunguza ili wajue tundu lilikuwa wapi. Kuanzia hapo, simu ambayo haijasasishwa ndiyo iliyo hatarini zaidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nyumbani tunaweza kufanya haya:

Kwanza, washa masasisho ya moja kwa moja. Kama unatumia bando, chagua siku moja ya wiki uanze na kivinjari, kisha mfumo wa simu wenyewe.

Pili, mfundishe mtoto kuwa jina la mjomba au mwalimu kwenye ujumbe si uthibitisho. Kiungo kikija bila maelezo, mpigie mhusika simu kwanza. Na wewe ukipokea kitu kibaya kwa jina la ndugu, usianze kugombana naye. Huenda hajui lolote.

Tatu, programu zipakuliwe kwenye duka rasmi la simu tu, hata kama rafiki ametuma faili la mchezo wa bure.

Nne, simu ya zamani isiyopokea tena masasisho isibebe pesa wala namba za siri za familia. Ibaki ya kupiga na kupokea.

Tano, na hili ni la kwetu wazazi: mtoto akibonyeza kitu kibaya, asiogope kusema. Anayejua atachapwa atanyamaza, na wakati amenyamaza pesa zinaweza kuondoka na ujumbe kuwafikia ndugu wote. Akikwambia mapema, unazima intaneti, unabadilisha namba za siri kwa kutumia simu nyingine na kuwatahadharisha watu wako.

Leo usiku, kabla ya kuweka simu kwenye chaji, fungua mipangilio uangalie kama kuna sasisho linalosubiri.