Orodha mbili ndani ya dirisha moja

Wengi wetu hapa Manono tunatumia mashini zenye ekrani ndogo. Orodha ya majina ikipangwa vibaya, mwenye jina la kuanza na Y anabaki chini kabisa, haonekane, na wa biro anamujibu tu: "Hauko kwa liste." Apana, yuko!

Mimi natumia Tkinter. Kwa Windows inakuja pamoja na Python, basi hautafute intaneti mara ya pili. Kushoto naweka Listbox ya teritwari sita za Tanganyika: Kabalo, Kalemie, Kongolo, Manono, Moba na Nyunzu. Mistari sita haina lazima ya bare ya kushusha. Kuume ndipo majina yanajaa, na bare inahitajika.

Listbox na bare yake ziingie katika Frame moja. Ukitumia pack, anza na bare: side="right", fill="y". Kisha Listbox: expand=True, fill="both". Mbona utaratibu huo? Pack inagawa nafasi kwa zamu, wa mwisho anapata mabaki. Bare ikiingia nyuma, mtu akifinya dirisha, yenyewe ndiyo inapotea kwanza.

Halafu kuzifunga, pande zote mbili: yscrollcommand ya Listbox iende kwa set ya bare, na command ya bare iende kwa yview ya Listbox.

Kingine, exportselection=False kwa Listbox zote mbili. Bila hiyo, ukichagua jina kuume, teritwari uliyochagua kushoto inajifuta.