Kioo kikubwa kinavyokula chaji ya simu yako shambani

Leo tuweke viuatilifu pembeni kidogo tuongelee simu, maana kwa mkulima wa biashara simu ni kitendea kazi kama lilivyo bomba la kupulizia.

Juzi kijana mmoja wa Ilula kanipigia akilalamika. Alikuwa na matenga 60 ya nyanya tayari kabisa, dalali yuko njiani na Fuso, anamtafuta hewani tangu saa nane mchana. Simu imezima chaji. Fuso ikapakia kwa jirani, yeye akaja kuuza kesho yake kwa bei ya hasara. Kilichomuuma zaidi ni hiki: "Bwana shamba, simu hii mpya betri yake ni mAh 5,000. Ile ya zamani ilikuwa 3,000 na jioni ilikuwa inafika. Nimeuziwa feki?"

Nikamuuliza ukubwa wa kioo. Ya zamani inchi 5, mpya inchi 6.5. "Si inchi moja na nusu tu?" Hapo ndipo wengi tunapokosea.

Inchi za kioo zinapimwa kona hadi kona, lakini kinachokula chaji ni eneo lote linalowaka. Chukua kitalu cha miche cha mita 5 kwa 5. Hiyo ni mita za mraba 25. Sasa fanya 6.5 kwa 6.5, unapata 42.25. Umeongeza mita moja na nusu tu kila upande, ila eneo la kumwagilia limekua kwa karibu asilimia 70! Kioo nacho ni hivyo hivyo kama umbo halijabadilika (simu za siku hizi ni ndefu na nyembamba, kwa hiyo ongezeko linapungua).

Betri ndiyo simtanki. Kutoka 3,000 kwenda 5,000 tanki limekua kwa asilimia 67 hivi. Yaani kama umbo ni lile lile, tanki na kitalu vimekua karibu sawa, na sehemu kubwa ya faida imekwenda kwenye kioo. Ukiona mAh kubwa kwenye boksi, usishangilie kabla hujaangalia inchi.

Halafu kuna koki, nayo ni mwangaza. Simu nyingi zikiwa juani hupandisha mwangaza zenyewe ili uone. Huyu kijana asubuhi nzima alikuwa katikati ya shamba, jua kali, anaangalia video za kudhibiti kantangaze, na mtandao unashika kwa shida. Kitalu kikubwa, koki wazi mpaka mwisho, na mtandao dhaifu nao unailazimisha simu kutumia nguvu zaidi kutafuta mnara. Isingefika jioni.

Kioo kikizima, hesabu inageuka. Ukiwa unaongea na simu iko sikioni, kioo hujizima, kwa hiyo ukubwa wake hauna madhara na ile betri ya 5,000 inakulipa. Kama kazi yako ni kupiga na kupokea, simu kubwa haina ubaya. Ubaya ni kuiwasha saa nyingi juani.

Video fungulia chini ya mwembe, shusha mwangaza, weka kioo kijizime baada ya sekunde 30. Ukiingia Mipangilio, sehemu ya Betri, simu nyingi zitakuonyesha nini kinakula chaji. Wengine hupenda mandhari meusi. Yanasaidia kweli kwenye vioo vya OLED, ambavyo kila nukta inajiwasha yenyewe na nukta nyeusi imezimwa. Kwenye LCD taa iko nyuma ya kioo na inawaka hata picha ikiwa nyeusi, hapo ni urembo tu.

Tableti ya inchi 10 ibaki nyumbani kwa kumbukumbu za mauzo. Kioo chake ni kama vinne vya inchi 5.

Kijana wangu hakuuza simu yake. Laini ya madalali ameihamishia kwenye kitochi chenye kioo kisichofika inchi 2 na betri ya mAh 1,000. Anaichaji mara mbili kwa wiki.