Ganda la Risasi: Akiba Marekani, Ushahidi Mongbwalu

Risasi ya bastola ina sehemu nne: kichwa kinachoruka, baruti inayokisukuma, fataki inayoiwasha baruti, na ganda linaloshikilia vyote vitatu. Ikishafyatuliwa, kichwa kimekwenda, baruti imeungua na fataki imekufa. Ganda hubaki zima, na kwa kawaida ndilo lililogharimu zaidi kuliko sehemu nyingine zote. Ndiyo maana wapiga shabaha wengi wa Marekani hupiga magoti uwanjani wakaokota maganda yao, wakayasafisha, na wakirudi nyumbani wakayajaza upya kwa mashine ya mkono.

Mongbwalu, mji wa dhahabu katika teritware ya Djugu, kaskazini-magharibi mwa Bunia, jimboni Ituri nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nao umeachiwa maganda na vita vya zaidi ya miaka 20. Hayo hayajazwi upya. Sababu zake zimo ndani ya chuma chenyewe, na zikieleweka, ganda lililolala kwenye udongo wa Ituri linaanza kuonekana kwa thamani yake halisi.

Tuanze na akiba. Ganda la bastola la kawaida ni shaba ya njano, yaani sehemu 70 za shaba na 30 za zinki. Baruti ikiungua ndani ya bastola ya milimita 9, shinikizo linaweza kupita mara 2,000 ya lile la hewa inayotuzunguka. Kuta za ganda hutanuka na kubana chemba, gesi ikakosa upenyo wa kurudi kwa mpigaji. Shinikizo likishuka, shaba hunywea kidogo na ganda likachomoka bila kung'ang'ania. Kunywea huko ndiko kunakolipa uhai wa pili. Kila duru huifanya shaba iwe ngumu zaidi, hadi siku mdomo wa ganda unapopasuka, lakini kabla ya hapo ganda la bastola lililotunzwa vizuri hujazwa mara nyingi.

Je, pesa inabaki mfukoni? Inategemea. Risasi ya milimita 9 hutengenezwa kwa wingi mno viwandani, kwa hiyo bei yake iko chini na faida ya kujaza mwenyewe ni ndogo. Kwa risasi zisizo na soko kubwa, kama .44 Magnum, tofauti ni kubwa na mashine hurudisha gharama yake upesi. Hata hivyo fataki hainunuliki kila siku: katika uhaba wa mwaka 2020 na 2021, Wamarekani wengi walikuwa na maganda ndoo kwa ndoo bila fataki za kutia. Wajazaji wengi pia hukiri kwamba hawakupunguza matumizi, ila hupiga risasi nyingi zaidi kwa pesa ileile. Na baruti ikitiwa mara mbili katika ganda moja kwa kusahau, bastola inaweza kupasukia mkononi.

Sasa geuza ganda, utazame kitako chake kwa ndani. Hapo pana tofauti iliyozaliwa mwaka 1866, pale Mwingereza Edward Boxer na Mmarekani Hiram Berdan walipobuni, kila mmoja kwake, namna ya kuweka fataki. Katika mfumo wa Boxer kuna tundu moja katikati, hivyo kipini chembamba hupita na kuisukuma nje fataki iliyokufa. Katika mfumo wa Berdan kuna matundu mawili madogo pembeni, na kipini hakina pa kupita. Marekani ilikumbatia mfumo wa Mwingereza, na sehemu kubwa ya majeshi ya dunia ikachukua ule wa Mmarekani. Sanaa nzima ya kujaza nyumbani, na soko lake lote la vifaa, imesimama juu ya lile tundu la katikati.

Risasi iliyoenea zaidi vitani Ituri si ya bastola, ni ile ya milimita 7.62 kwa 39 inayoliwa na bunduki za jamii ya Kalashnikov. Ganda lake mara nyingi ni la chuma laini kilichopakwa vanishi au kufunikwa kwa shaba nyembamba, kwa sababu chuma ni rahisi kuliko shaba, na fataki yake ni ya Berdan. Chuma hicho hakinywei vizuri kama shaba, na vanishi ikikwaruzika, mvua za Ituri hukitia kutu. Kiliundwa kitumike mara moja na kutupwa. Juu ya hayo, fataki yenyewe hubeba kemikali inayolipuka kwa kugongwa tu, na hiyo ni kazi ya kiwanda.

Kuna sababu nyingine, nayo inauma zaidi. Anayepigana Ituri hajapata kulazimika kuhesabu senti za ganda. Mwaka baada ya mwaka, Kundi la Wataalamu la Umoja wa Mataifa kuhusu Kongo limeeleza jinsi makundi yenye silaha yanavyopata risasi zilizo tayari kutoka katika ghala za jeshi la taifa, kwa kuziteka, kuziiba au kuuziwa. Na hayo yanaendelea ingawa Baraza la Usalama, kwa azimio namba 1493 la Julai 2003, lilipiga marufuku kuyapelekea silaha makundi ya Kivu na Ituri.

Hapa ndipo ganda linapokuwa na kazi ambayo mjazaji wa Marekani haifikirii. Lisimamishe kichwa chini. Katikati, juu ya fataki, utaona kishimo kilichoachwa na pini ya bunduki. Kuzunguka ukingo kuna tarakimu zilizogongwa kiwandani, mara nyingi namba ya kiwanda upande mmoja na mwaka upande wa pili: 17 ni Barnaul, 539 ni Tula, zote za Urusi, na 270 ni Luhansk, Ukraine. Ukanda wetu pia una viwanda vya risasi: Eldoret nchini Kenya, Nakasongola nchini Uganda, Mzinga huko Morogoro. Kile kishimo nacho ni saini ya bunduki moja, maana ncha ya kila pini ina mikwaruzo yake. Mtaalamu mwenye hadubini anaweza kusema kama maganda mawili, moja la kijiji hiki na jingine la kijiji cha jirani, yalitoka katika silaha ileile.

Ganda lililojazwa upya huvuruga habari hizo zote mbili. Tarakimu zinabaki zikisema kilipozaliwa chuma, ila baruti na kichwa vimetoka kwingine, na kishimo cha bunduki ya kwanza kimetupwa pamoja na fataki iliyokufa. Kinachompunguzia gharama mpiga shabaha wa Texas, kikihamia Djugu, kitawapokonya wachunguzi kumbukumbu ambayo haikuhitaji shahidi wa kutishwa.

Hata bila kujaza upya, kumbukumbu hiyo ni fupi. Tarakimu hutaja kiwanda na mwaka, hazitaji nani alinunua. Mkataba wa Kinshasa wa mwaka 2010, unaohusu nchi za Afrika ya Kati, unataja risasi pamoja na vipuri vya kuziundia. Lakini utaratibu wa kimataifa wa kufuatilia silaha, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2005, uliziacha risasi nje kabisa, na nauona huo ni upungufu mkubwa unaolipiwa na watu wa mahali kama Mongbwalu. Brazil ilichukua njia nyingine: sheria yake ya Desemba 2003 inataka risasi za vyombo vya dola zigongwe namba ya fungu kwenye ganda lenyewe, ili zikiokotwa mtaani ijulikane ni kikosi gani kilikabidhiwa.

Mongbwalu ilishambuliwa Novemba 2002. Hukumu ya kamanda wa waasi Bosco Ntaganda, ambamo shambulio hilo limo, ilitolewa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai tarehe 8 Julai 2019, karibu miaka 17 baadaye, na kwa sehemu kubwa ilisimama juu ya watu waliokubali kwenda kusimulia walichokiona. Namba ya fungu kwenye kila ganda ingewajibu wachunguzi swali ambalo mkimbizi wa Mongbwalu hakuwa na namna ya kulijibu: risasi hizo zilitoka ghala la nani.