Kata Zilizotunzwa na Ukoo Mmoja

Tarehe 6 Agosti 2021, katika ukumbi wa Nippon Budokan jijini Tokyo, Ryo Kiyuna alitwaa dhahabu ya Olimpiki katika kata ya karate, wa kwanza kufanya hivyo kutoka Okinawa. Mtindo wake ni Ryuei-ryu. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtindo huo ulikuwa siri ya ukoo wa Nakaima, ukirithishwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana.

Kata ni mfululizo wa mapigo, vizuizi na hatua ambao mtu huufanya peke yake. Kwa mabingwa wa zamani wa Okinawa, ambao waliandika kidogo sana, ndiyo ilikuwa elimu yenyewe, nayo ilihifadhiwa mwilini.

Masimulizi ya ukoo yanasema Norisato Nakaima, aliyezaliwa mwaka 1819, alivuka bahari akiwa kijana hadi Fuzhou, kusini mwa China, akafunzwa na mwalimu anayetajwa kwa jina la Ryu Ru Ko. Mimi siyapokei masimulizi ya ukoo kama hati ya serikali. Lakini majina ya kata zenyewe yanatoa ushahidi. Paiku ni chui milia mweupe, Heiku mweusi. Seisan ni kumi na tatu, Sanseru thelathini na sita, na matamshi hayo yanakaribia zaidi Kichina cha Fujian, jimbo lenye Fuzhou, kuliko Kijapani.

Kwa nini kata huwa adimu? Mtazame anayefanya Sanchin, inayofundishwa pia katika mtindo wa Goju-ryu. Mguu unapita karibu na mwenzake ukichora nusu duara, kisha unatua vidole vikielekea ndani kidogo. Viwiko vinakaa karibu na mbavu. Mwalimu anazunguka nyuma, anamgonga mabega kwa viganja, anabonyeza mapaja, akipima kama amekaza panapostahili na kulegea panapostahili. Mchoro hauwezi kukupa kiganja hicho. Kata hupita kwa mkono wa mtu, na anayeijua akifa bila mwanafunzi, imekwisha.

Hatari hiyo ilionekana wazi mwaka 1945, vita vilipoiangamiza Okinawa. Jin'an Shinzato, mwanafunzi ambaye mwalimu Chojun Miyagi alimtegemea kuirithi Goju-ryu, aliuawa. Chotoku Kyan, mzee aliyebeba kata za maeneo ya Shuri na Tomari, alinusurika mapigano akafa kwa njaa mwaka uleule. Kyan alikuwa na wanafunzi wengi, ndiyo maana kata zake zipo hadi leo. Ukoo wa Nakaima, uliowafunza wana wake tu, ungeweza kupoteza kila kitu kwa siku moja.

Kenko Nakaima, mjukuu wa Norisato, ndiye aliyefungua mlango akaanza kuwafundisha watu wasio wa damu yake. Nauona uamuzi huo kuwa wa ujasiri kuliko ushindi wowote wa ulingoni. Mmoja wa waliopokelewa, Tsuguo Sakumoto, alishinda ubingwa wa dunia mwaka 1984, 1986 na 1988, akaifanya kata ya Anan ijulikane. Baadaye ndiye aliyemfundisha Kiyuna.

Leo Anan inaonekana karibu katika kila mashindano makubwa, mara nyingi ikiwa na vituo virefu vinavyolengwa kwa waamuzi. Ukiitazama, fuatilia viganja vilivyo wazi na namna miguu inavyoteleza kwenda mbele bila mwili kuinuka.