Kilo Zinazoletwa na Dawa: Utangulizi
Somo hili linaanzia juu ya mizani. Mama anavua kandambili, anapanda, mshale unatulia kwenye 78. Kadi yake inaonyesha 69 siku alipoanza vidonge. Muuguzi anaandika, kisha anamwambia apunguze chipsi. Mama anajibu kwa sauti ya chini kwamba chipsi hali.

Nalo linaanza kwa kumwamini mama huyo.

Dawa hunenepesha kwa njia nyingi. Olanzapini, inayotibu magonjwa ya akili, huziba vipokezi vya histamini na serotonini kwenye ubongo, hata mgonjwa akala asione dalili ya shibe. Insulini huzuia sukari isipotee kwenye mkojo, nayo ikibaki mwilini huwa akiba. Prednisoloni huamsha njaa na kuujaza uso.

Lakini kwetu Afrika Mashariki kisa kinachofundisha zaidi ni cha dolutegraviri, dawa ya kufubaza VVU. Utafiti wa ADVANCE uliofanyika Johannesburg kwa watu 1,053, matokeo yake yakatoka 2019, ulionyesha kuwa walioitumia waliongezeka uzito kuliko waliotumia efavirenzi, wanawake hasa. Uchambuzi uliofuata ukaleta jambo la kustaajabisha: waliotumia efavirenzi na miili yao ikawa inaiondoa polepole, uzito wao haukupanda. Kumbe sehemu ya tofauti ile ilitokana na efavirenzi, dawa ya zamani ya VVU, kuuzuia mwili usinenepe!

Hapo ndipo ugumu ulipo, na ndipo ninapolipendea somo hili. Mwaka 1985 madaktari waliandika kuhusu maradhi, yaani UKIMWI, ambayo watu wa Uganda waliyaita Slim, kwa jinsi yalivyokondesha. Kwa aliyeziona siku zile, kuambiwa “umenawiri” ni habari njema kabisa. Kilo za kwanza ni za kupona. Zinazofuata, zinazopandisha presha na sukari, nani anazitenga na zile za kwanza, na kwa kipimo gani?

Kuacha dawa kiholela si tiba, kwani virusi hurudi, na ugonjwa wa akili vilevile. Daktari anaweza kubadilisha dawa, au kumwongezea metformini anayetumia olanzapini. Yote hayo yanahitaji namba ya kulinganishia. Ndiyo maana sura ya kwanza inaanza na futi ya fundi cherehani, na kiuno kinachopimwa kabla kidonge cha kwanza hakijamezwa.